Bahasha ya Kaki Juu ya Kabati

Mbagala, Jumapili, baada ya alasiri.

Mwanangu Rehema,

YAH: DAWA ZANGU ZA SAFARI YA MASASI

Usicheke. Nimekaa masjala miaka thelathini na moja, nikipokea barua za watu, nikizigonga mhuri na kuzifunga kwenye majalada, na mkono huu haujui kuanza barua bila hiyo "Yah". Salamu nimekupa asubuhi na nitakupa tena kesho alfajiri stendi, kwa hiyo tusipoteze wino. Umeenda Tandale kumuaga mama yako mdogo. Ninavyomjua, hatakuachia mpaka umekula, umefungashiwa mchele, na umesikiliza ugomvi wake na mpangaji mwanzo hadi mwisho. Hapo nina saa tatu za kuandika bila wewe kuchungulia begani kwangu ukiuliza, "Mama, unamwandikia nani?"

Mambo ya kula vizuri, kuamka mapema na kuchagua watu wa kukaa nao sikuandikii. Una miaka ishirini na saba, umesoma kunizidi, na huko Tunduru unakwenda kufundisha watoto wa wenzio. Kama hayo hujayajua mpaka leo, barua haitakusaidia.

Nina jambo moja tu, na nalisema hapa juu kabisa kwa sababu nikiliacha mwisho nitapata kisingizio cha kwenda kulala. Rehema, zile dawa hukuzisahau. Ulizitia kwenye mkoba wangu, kwenye mfuko wa pembeni wenye zipu, kama ulivyosema. Nilizitoa mimi.

Soma tena kama hujaelewa. Nilizitoa mimi mwenyewe, nikaziweka juu ya kabati la vyombo, nyuma ya lile hotipoti kubwa, nikapanda basi. Na wewe ulipolaumiwa, nilinyamaza.

Nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa wiki iliyopita, ulipokuwa unanisuka nywele kwa sababu mkono wangu wa kushoto haushiki tena kitana. Nilifungua kinywa, nikasema, "Rehema." Ukasema, "Abee mama, nakuumiza?" Nikasema hapana, nikanyamaza. Ndiyo maana naandika. Karatasi hainiulizi kama inaniumiza.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Unajua nilivyolelewa. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawali chombo kimoja, hawapishani kwenye kijia. Bibi yako akimwona baba yako anakuja upande wa pili, alikuwa anaiacha njia anaingia kwenye mihogo mpaka apite, na baba yako naye anapita huku ameinamisha kichwa kama anatafuta shilingi iliyodondoka. Salma alipoolewa na Athumani nilijitahidi kuwa mtu wa mjini. Lakini mpaka leo shemeji yako akija kunijulia hali, mimi naongea nikiwa nyuma ya pazia la chumbani, na yeye ananijibu akiwa sebuleni anaangalia viatu vyake. Nampenda sana yule kijana, ndiyo maana namwonea haya.

Basi mwaka jana alipofariki mjomba wako na arobaini yake ikakaribia, dada yako Salma akakata tiketi mbili za Masasi bila kuniuliza.

"Mama, kwa presha yako husafiri peke yako," akaniambia. "Mie kazini wamenikatalia ruhusa, Athumani atakusindikiza."

"Athumani? Nikae naye siti moja kutwa nzima?"

"Mama na wewe! Hayo ya kijijini huko. Sie tuko Dar es Salaam, watu wanakaa na wakwe zao na hakuna aliyekufa."

Ningesema hapana. Ningesema nisafiri na wewe, ukakosa mtihani mmoja. Sikutaka kuonekana mshamba mbele ya mwanangu, nikakubali, halafu nikaanza kupanga mambo yangu kimyakimya. Kama kuna ugonjwa ninaouogopa kuliko presha, ni huo wa kukubali mbele za watu na kukataa moyoni.

Wewe ulikuwa unahangaika na dawa. Ulizihesabu kwenye meza ya kulia chakula, za siku kumi kwa safari ya siku saba, ukazitia kwenye bahasha ya kaki ya duka la dawa, ukaandika kwa kalamu ya bluu: "Asubuhi 1 nyeupe, 1 ya pinki. Jioni 1 ya pinki. Mama kunywa maji MENGI." Hilo neno la mwisho ulilipigia mistari miwili. Nami nilikuwa nakutazama huku nawaza kuhusu kile kidonge cheupe. Kazi yake unaijua. Kinashusha presha kwa kunipeleka chooni, na nikishakimeza asubuhi, mpaka saa sita mchana nimekwenda mara nne.

Hapa nyumbani choo ni hatua sita. Barabara ya kusini ni jambo jingine. Basi linasimama porini, kondakta anapiga kelele, "Haya, kuchimba dawa! Kina baba kulia, kina mama kushoto!" na watu wanashuka na kanga zao. Nikajiona nashuka mbele ya mkwe wangu, naelekea kichakani, na yeye anajua ninachokwenda kufanya. Nikasema afadhali nife. Nililisema hivyo hivyo kwa sauti, peke yangu jikoni, na ilibaki kidogo tu nipewe nilichoomba.

Kwa hiyo siku tatu kabla ya safari niliacha kukimeza. Nilitaka mwili uzoee. Ulikuwa unanipa kidonge na kikombe cha maji kila asubuhi kabla ya kwenda chuo, nami nakitia mdomoni, nakunywa funda moja, na ukigeuka kuchukua viatu nakitemea kwenye pindo la kanga. Bibi wa wajukuu wanne anafanya hivyo. Asubuhi ya safari nikaitoa na bahasha yenyewe, maana nilijua utapiga simu njiani kuuliza kama nimemeza, na Athumani akisikia angeutafuta mkoba anipe. Nikajiambia ni siku saba tu, nitameza nikirudi. Presha haikuwa imenisumbua muda mrefu, na nilidhani imepona. Sikujiuliza ni nini kilichokuwa kinaituliza.

Kadi ya bima niliichukua. Hilo nalo lina aibu yake. Nilisikia habari za wezi wanaopasua mikoba kwa wembe, nikaishonea kadi kifuko cha kitambaa chenye uzi, nikaifunga kiunoni, ndani kabisa, chini ya gauni na chini ya kanga mbili. Nilijiona nina akili sana. Miaka yote masjala nilikuwa nawaambia makarani wapya kwamba jalada lililofichwa vizuri hadi halipatikani ni sawa na jalada lililopotea, na hapo ndipo nilipoifungia bima yangu.

Tukaondoka. Mimi dirishani, Athumani upande wa njia, amekaa nusu makalio ili nguo zetu zisigusane. Tulivuka daraja la Rufiji hatujaambiana neno. Maji uliyonipa, chupa kubwa, niliishika mapajani kutwa nzima haijafunguliwa. Jua la Somanga lilikuwa linaingia dirishani moja kwa moja na midomo ilikuwa imenikauka, lakini nilijua nikinywa nitalipa. Tulipofika mahali pa chakula, watu wote wakashuka. Mimi nikabaki kwenye siti nikasema sina njaa. Athumani akasimama mlangoni mwa basi kama askari wa getini, na kwa kuwa amesimama pale, sikuweza kushuka hata kama ningetaka. Alininunulia machungwa akampa mama mmoja aniletee, ili asinikabidhi mwenyewe. Machungwa nayo sikula.

Baada ya kupita njia panda ya Lindi kichwa kikaanza kugonga. Kisha nikaona mabango ya barabarani yana herufi mbilimbili. Nikajua kabisa, Rehema. Usidhani sikujua. Nilifumba macho nikahesabu vijiji. Basi likasimama porini, na Athumani akanyanyuka akatoweka bila kusema lolote. Nikaona Mungu kanipa nafasi, niteremke haraka nirudi kabla hajaniona. Nikasimama. Mguu wa kushoto haukunifuata, nikaanguka kwenye ngazi za basi.

Nilizinduka niko kwenye benchi la hospitali iliyo kando ya barabara hiyohiyo. Muuguzi mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu sokoni, alikuwa ananifunga kile kitambaa cha kupimia presha. Athumani yuko pembeni, uso umemshuka.

"Mama anatumia dawa gani?" muuguzi akauliza.

"Sijui, sista. Huyu ni mama mkwe wangu," Athumani akajibu, anaangalia sakafu.

"Mama, una presha? Unatumia dawa?"

Ulimi ulikuwa mzito, lakini ulitosha kusema. Mbele ya mkwe wangu nikasema, "Situmii."

"Una bima?"

Kadi iko kiunoni, inanichoma kwenye mfupa. Kuitoa ni kufunua gauni. Nikasema, "Sina."

Nimeyarudia maneno hayo mawili kichwani mara nyingi kuliko sala zangu. Wale watu walinihudumia vizuri kwa walichoambiwa, na nilichowaambia kilikuwa uongo. Athumani akatoka nje kupiga simu kwa ndugu na marafiki akitafuta msaada wa pesa, mtu ambaye hajawahi kuniomba hata chumvi. Alipokwisha kutoka, yule muuguzi akanihamishia kitandani, akavuta pazia anibadilishe nguo. Akafika kwenye uzi, akasimama.

"Bibi, hii nini?"

Akafungua kifuko, akatoa kadi, akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Kadi ya bima unayo! Na mkweo yuko nje anahangaika na simu. Kwa nini?"

Nikaanza kulia. Nikamweleza yote, kidonge cheupe, kichaka, bahasha juu ya kabati. Nilidhani atanigombeza. Akakaa ukingoni mwa kitanda, na kile kitanda kikalia, akasema, "Bibi yangu, nisikilize. Humu ndani hakuna mkwe. Kuna mgonjwa na kuna muuguzi, basi. Mie nikiwa nakufuta mgongo na wewe unanificha dawa, nitakuua kwa mikono yangu mwenyewe bila kujua. Unataka hivyo?"

"Usimwambie mkwe wangu," nikamwomba.

"Kwa daktari nasema sasa hivi. Kwa mkweo nasema tu kadi imepatikana, mengine ni kazi yako."

Daktari alisema ni kiharusi kidogo. Alisema presha haikupanda kwa sababu ya asubuhi moja, dawa ilikuwa imeachwa siku kadhaa, na kukaa kutwa nzima bila maji katika umri wangu kuliongeza. Akaniuliza tangu lini sijameza. Nikamwambia ukweli, kama nilivyomwambia muuguzi.

Jioni yake ndipo Salma alipokuja hapa nyumbani kutafuta kadi ya kliniki, akaikuta bahasha yako juu ya kabati. Nilikuwa nasikia kila kitu. Athumani alikuwa amenishikia simu sikioni, kajigeuza ukutani.

"Rehema, hizi si dawa za mama? Umezisahau?"

"Nilizitia mie, dada. Naapa nilizitia."

"Ulizitia, halafu zikapanda kabatini zenyewe? Mama kapooza huko kwa sababu ya uzembe wako!"

Ulilia. Ukaja kwenye simu, ukaniambia, "Mama, nisamehe. Nilidhani nimezitia." Ulianza na kuapa, na dakika mbili baadaye hukuwa na uhakika tena na mikono yako. Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Basi, mwanangu, yameisha. Kila mtu husahau. Nimekusamehe."

Nilikusamehe kosa langu mwenyewe. Nimefanya makosa mengi katika maisha yangu, mengine hata sitayaandika, lakini hilo ndilo linaloniamsha.

Na nilijua ninachokufanyia, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nikiwa kijana masjala liliwahi kupotea jalada la mtumishi mmoja, na bosi wangu akasema mbele ya ofisi nzima kwamba mimi ndiye niliyelipoteza. Nililitafuta wiki mbili. Nilianza kuamini kwamba kweli nililitupa. Baada ya hapo kila jalada nililolirudisha rafuni nililigusa mara tatu kabla ya kwenda nyumbani. Siku bosi anahamishwa, lile jalada likakutwa kwenye droo yake, chini ya magazeti. Akacheka, akasema, "Kumbe lilikuwa huku!" Hakuniomba radhi. Nilimchukia miaka mingi yule mzee, kisha na mimi nikakufanyia hivyohivyo, tena wewe ni wa tumbo langu.

Nimekuona, Rehema. Unadhani sioni. Unafunga mlango, unafika kwenye bomba la jirani, unarudi kugusa kufuli. Unakwenda tena, unarudi. Gesi unaikagua mpaka unachelewa. Kabla ya safari hiyo ulikuwa mtu wa kuvuta mlango kwa kisigino huku unaimba. Ile kazi ya Dodoma uliikataa ukasema mshahara mdogo, na nilijua si mshahara. Na Ijumaa nilikusikia uani unaongea na rafiki yako: "Naenda kuripoti tu, halafu naandika barua ya uhamisho, nina mgonjwa. Mie nikiondoka, nani atampangia mama dawa? Nikikosea tena je?"

Nikikosea tena. Nilikaa chini kwenye mkeka niliposikia hilo "tena".

Kwa hiyo Jumamosi, shemeji yako alipoleta lile begi alilokununulia, nilimwita. Nikiwa nyuma ya pazia, yeye sebuleni.

"Baba, una nafasi kidogo?"

"Ninayo, mama."

Nikamwambia yote. Dawa, siku tatu za kutema, kadi kiunoni, kichaka. Kisha nikasikia mtu anacheka, amejiziba mdomo, anashindwa.

"Mama, nisamehe," akasema. "Mie nilibanwa tangu Ikwiriri."

"Ulibanwa?"

"Nilikunywa chai vikombe viwili pale stendi. Na Salma aliniambia nisikuache hata dakika moja. Sasa nikishuka, nakuaga nasema nakwenda wapi? Nikasema nitakaza mpaka Masasi."

Hebu fikiria, Rehema. Watu wazima wawili, siti moja, kila mmoja amebana miguu, na kila mmoja anamwona mwenzake ana heshima kubwa. Nilicheka mpaka pazia likatikisika. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Mama, ulipoanguka mie nilikuwa kichakani. Nimerudi nakukuta chini. Salma mpaka leo hajui. Nilipomsikia anamgombeza Rehema, nilitaka kusema ni mimi niliyekuacha. Nikaona haya."

Kwa hiyo tulikuwa wawili tunaojua tumefanya nini, tumenyamaza kila mmoja kivyake kwa ajili ya heshima, na aliyekuwa analia ni wa tatu, asiye na kosa lolote. Nililivuta pazia. Ndiyo, nililivuta. Tukatazamana kwa mara ya kwanza tangu aoe, mimi na kanga yangu na mkono wangu uliolegea, yeye ana machozi. Dunia haikuanguka. Ana makunyanzi pembeni ya macho, sikuwahi kuyajua.

Salma nimemwambia leo asubuhi kwa simu. Akasema, "Mama, nilimliza bure," kisha akakata. Atakupigia ukiwa njiani. Mpokelee. Mwache aseme, usimkatize kwa huruma zako.

Sasa ya mbele. Salma anakaa Temeke, hayuko mbali, lakini dawa sitapangiwa na mtu. Hesabu vidonge vilivyo kwenye kopo la kabatini. Vile unavyonipa asubuhi ninavimeza kweli tangu nilipotoka hospitali, na wiki mbili sasa vya jioni, unapokuwa kwenye masomo ya ziada, najipangia mwenyewe kwa kengele ya simu. Vitatimia. Nilikuwa najifanyia mtihani kabla sijakuambia nenda.

Na ninataka kuja Tunduru. Nataka kukaa nawe likizo, nione nyumba yako na niyakosoe mapazia yako. Ninajua njia ni ndefu na mimi si wa kusafirishwa kama gunia la korosho, kwa hiyo kuna kazi moja nakupa. Ukishatulia, pita hospitali na vituo vya huko, uliza ni wapi wanapokea kadi yangu na kama dawa zangu mbili zinapatikana. Uniandikie, nijue kabla ya kukata tiketi. Kabla ya kuondoka nitakwenda kliniki nipimwe, nimwulize daktari kile kidonge cheupe nikimeze saa ngapi siku ya safari, maana kumbe hilo ni swali la kuuliza daktari, sikutakiwa kulijibu mwenyewe jikoni. Nimeshaandika kwenye kikaratasi majina ya dawa na ugonjwa wangu na namba yako, nimekikunja pamoja na kadi, na vyote viwili viko kwenye mkoba wa mkononi, mfuko wa pembeni wenye zipu. Ulikuwa mfuko sahihi tangu mwanzo. Kadi umeipiga picha wiki iliyopita ukadhani nimelala. Nilikuona, na nakushukuru.

Njiani nitakunywa maji. Dereva akisimamisha nitashuka, ninyooshe miguu, na nikihitaji kichaka nitakwenda kichakani. Asiposimamisha nitasimama katikati ya basi na kumwita. Athumani amesema atakuja na mimi tena, na tumekubaliana kwamba yeye atakaa siti ya nyuma, na kila kituo yeye atashuka upande wake na mimi upande wangu, bila mtu kumuaga mwenzake. Ndipo heshima yetu ilipofikia, na inatutosha.

Lakini ile barua ya uhamisho usiiandike kwa ajili yangu. Ukiichoka Tunduru, ukipendana na mtu wa mji mwingine, ukigombana na mkuu wa shule, andika. Najua mimi ni mgonjwa na nitaendelea kuwa mgonjwa, na ipo siku simu itakuja. Siku hiyo utakuja mbio kama mtoto yeyote anavyokuja kwa mama yake. Usije ukiwa mshitakiwa.

Nisamehe, Rehema. Sisemi kila mtu husahau, maana hakuna aliyesahau. Nasema nilikosa, nilijua, na wewe ndiye uliyebeba. Usinijibu kesho stendi mbele ya watu. Nijibu utakapokuwa tayari, hata kama jibu lenyewe ni hasira. Hasira yako nitaipokea vizuri kuliko nilivyoupokea unyenyekevu wako mwaka huu mzima.

Nasikia sauti yako kwa jirani, umesharudi, na kwa jinsi unavyohema mchele wa mama mdogo si haba. Barua hii naitia kwenye ile bahasha ya kaki. Niliitunza. Ina mwandiko wako ule ule wa bluu, na mistari yako miwili chini ya neno. Nitaiweka juu ya nguo zako uikute usiku huu unapofunga begi.

Ikae nawe. Na siku ukijikuta umefika njiani unataka kurudi kwa mara ya tatu kugusa kufuli, itoe, uutazame mwandiko wako. Kila kitu ulichosema umekifanya, ulikuwa umekifanya.

Mlango umeufunga, mwanangu. Nenda kazini.

Mama yako